Nani Atangulie? Foleni Isiyofuata Zamu Ndani ya Kompyuta

Mwaka 2004 madaktari, wauguzi na wahudumu wa magari ya wagonjwa katika jimbo la Western Cape, Afrika Kusini, walianza kutafuta dawa ya tatizo linalojulikana na kila aliyewahi kukaa kwenye benchi la hospitali ya umma: wagonjwa ni wengi, wahudumu ni wachache, na aliyetangulia kufika si lazima awe ndiye mwenye hali mbaya. Walitunga kipimo ambacho leo kinatumika ndani na nje ya nchi hiyo. Muuguzi hutazama kasi ya kupumua, mapigo ya moyo, presha, joto la mwili, hali ya fahamu, uwezo wa kutembea na kama kuna jeraha. Kila kipengele kina alama zake, na jumla ya alama humpa mgonjwa rangi.

Alama 7 au zaidi ni nyekundu: aonwe papo hapo. Alama 5 au 6 ni rangi ya chungwa, naye aonwe ndani ya dakika 10. Alama 3 au 4 ni njano, ndani ya saa moja. Wanaobaki ni kijani, na hao wanaweza kusubiri hadi saa nne. Zipo pia dalili maalumu ambazo humpandisha mgonjwa rangi hata kama alama zake ni chache.

Kompyuta ikikabidhiwa orodha ya wagonjwa wa namna hiyo, foleni ya kawaida haiisaidii. Foleni ya kawaida ina sheria moja, kwamba anayewahi ndiye anayehudumiwa. Hapa panatakiwa foleni ambayo kila ikiulizwa "nani anafuata?" inamtoa mwenye haraka kuliko wote, hata kama ameingia sekunde hii. Wataalamu wa programu huiita foleni ya kipaumbele. Imejificha kila mahali: kwenye ramani ya simu inapotafuta njia ya mkato, kwenye programu zinazobana mafaili yapungue ukubwa, na katika mfumo endeshi unaoamua programu ipi ipewe kichakataji sasa hivi.

Ajabu ni kwamba foleni yenyewe haina habari na homa wala presha. Haijui kama nyekundu ni hatari. Inachofanya ni kuchukua wawili kwa wakati mmoja na kumuuliza aliyeandika programu: kati ya hawa, nani atangulie? Jibu huandikwa katika mistari michache ya msimbo inayoitwa kilinganishi. Foleni nzima, iwe ya watu kumi au ya vitu milioni, hupangwa na mistari hiyo.

Lundo lisilopangwa likapangika

Mtu angeweza kuipanga foleni yote upya kila anapoingia mgeni. Angeweza pia kuiacha bila mpango na kumtafuta mwenye haraka kwa kupita mmoja baada ya mwingine. Kwa watu kumi, njia zote mbili zinatosha. Kwa vitu 1,000,000 vinavyoingia na kutoka maelfu kwa sekunde, mashine italemewa.

Mwaka 1964 J. W. J. Williams alichapisha katika jarida la Communications of the ACM algoriti ya kupanga orodha iliyopewa namba 232. Ndani yake mlikuwa na muundo unaoitwa lundo, na mwaka huohuo Robert Floyd akauboresha. Lundo halijisumbui kuipanga foleni yote. Linajihakikishia jambo moja tu: aliye juu awe anastahili kuwatangulia walio chini yake.

Hebu fikiria mti uliolazwa ndani ya orodha. Nafasi ya 1 ndiyo kilele. Chini yake kuna nafasi ya 2 na ya 3. Chini ya 2 kuna 4 na 5, chini ya 3 kuna 6 na 7, na hivyo hivyo hadi mwisho: watoto wa nafasi yoyote hupatikana kwa kuizidisha mara mbili, kisha kuongeza moja kwa mtoto wa pili. Mzazi lazima awe na haki ya kutangulia kuliko watoto wake. Ndugu kwa ndugu hawalinganishwi.

Tuwafuate wagonjwa sita wanaofika mfululizo. Wa 1 ni kijani, wa 2 njano, wa 3 kijani, wa 4 chungwa, wa 5 nyekundu, wa 6 njano. Kilinganishi chetu kinasema: tazama rangi kwanza, rangi zikilingana, tazama nani aliwahi.

Wa 1 anakaa kileleni kwa kuwa yuko peke yake. Wa 2 anaingia mwisho wa orodha, analinganishwa na mzazi wake, njano inaishinda kijani, wanabadilishana nafasi. Wa 3 anaingia nafasi ya tatu na kutulia hapo. Wa 4 anaingia nafasi ya nne, anampita wa 1, kisha anampita wa 2 na kukalia kilele. Wa 5, mwenye nyekundu, anaingia nafasi ya tano na kwa hatua mbili tu yuko juu kabisa. Wa 6 anampita wa 3, anakutana na nyekundu, anakomea hapo.

Orodha ikifunguliwa sasa inasomeka 5, 4, 6, 1, 2, 3. Mgonjwa wa 6 ameandikwa kabla ya wa 2, ingawa wote ni njano na wa 2 ndiye aliyewahi. Anayejifunza kazi hii hufika hapa akadhani amekosea. Hajakosea. Lundo halikuahidi orodha iliyonyooka, liliahidi kilele sahihi tu.

Akiitwa anayefuata, wa 5 anatoka. Aliyekuwa mwisho wa orodha, yaani wa 3, anawekwa kileleni, kisha anashushwa hatua kwa hatua huku akibadilishana na yule kati ya watoto anayestahili zaidi. Orodha inakuwa 4, 2, 6, 1, 3, na safari hii, kwa bahati, huo ndio mpangilio watakaoitwa. Akitoka wa 4, orodha inavurugika tena: 2, 1, 6, 3. Hata hivyo watakaoitwa ni 2, 6, 1, 3, vilevile kama kanuni ilivyotaka.

Faida yake inaonekana foleni inapokuwa kubwa. Mti wa ngazi 20 unabeba vitu zaidi ya 1,000,000. Kwa hiyo mgeni anayeingia kwenye foleni ya milioni hupanda hatua zisizofika 20, badala ya kulinganishwa na wote.

Kanuni ikibadilika, safari inabadilika

Nguvu ya kilinganishi huonekana vizuri kwenye ramani. Mwaka 1956 Edsger Dijkstra, Mholanzi, alikuwa amepumzika mgahawani Amsterdam na mchumba wake. Kwa maelezo yake mwenyewe, alibuni kwa muda wa kama dakika 20, bila kalamu wala karatasi, njia ya kutafuta barabara fupi kuliko zote kati ya miji miwili. Aliichapisha mwaka 1959, kabla ya lundo la Williams. Baadaye waandishi wa programu waliviunganisha viwili hivyo, na hadi leo vinatembea pamoja.

Kwa njia ya Dijkstra, foleni huwa imejaa miji ambayo programu imeiona lakini bado haijaichunguza. Unaotoka kwanza ni mji ulio karibu zaidi na mwanzo wa safari. Mtu akitaka kutoka Dar es Salaam kwenda Morogoro, programu itaichunguza Kibaha, lakini pia itapoteza muda Bagamoyo na Mkuranga, kwa kuwa kanuni inahesabu kilomita zilizokwishatembewa bila kujali msafiri anaelekea wapi.

Mwaka 1968 Peter Hart, Nils Nilsson na Bertram Raphael, waliokuwa wakishughulikia roboti iliyoitwa Shakey huko California, walichapisha kanuni nyingine. Waliagiza zijumlishwe kilomita zilizotembewa na makadirio ya zilizobaki, tuseme umbali wa mstari ulionyooka hadi mwisho wa safari. Mkuranga iko kusini mwa jiji, na kilomita za kuielekea hazipunguzi kinachobaki kwa kiasi cha maana, hivyo inasukumwa nyuma ya foleni na huenda isiguswe kabisa. Programu iliyobaki inaweza kuachwa ilivyo. Makadirio yakiwa hayazidi umbali halisi, jibu bado ni njia fupi kuliko zote.

Mwenye pupa anaweza kuamua kuhesabu kilomita zinazobaki pekee. Programu itakimbia, ila mara nyingine itamleta msafiri kwa njia ndefu. Foleni ni ileile katika hali zote tatu, na msimbo uliobadilishwa ni mstari mmoja.

Mitego ya mistari michache

Kwa kuwa kilinganishi ni kifupi, watu hukiandika haraka, na hapo ndipo makosa huzaliana. Mtego wa kwanza ni upande. Foleni ya kipaumbele ya Java, na ile inayotumiwa na wengi katika Python, humtoa mwenye thamani ndogo kwanza. Ya C++, isipoambiwa vingine, humtoa mwenye thamani kubwa. Mtu akihamisha kanuni yake kutoka lugha moja kwenda nyingine bila kuigeuza, wa kijani wataingia kwa daktari na wenye nyekundu wataachwa wa mwisho. Programu haitatoa onyo lolote, maana kwa mtazamo wake imetii.

Mtego wa pili ni waliolingana. Maelezo rasmi ya Java yanasema wazi kwamba vitu vyenye kipaumbele sawa vinaweza kutoka kwa mpangilio wowote. Wagonjwa wawili wa njano wakilinganishwa kwa rangi pekee, aliyekuja asubuhi anaweza kupitwa na aliyekuja jioni. Tiba yake ni namba ya kufika, inayoongezeka kila anapoingia mtu na kuwa kipengele cha mwisho cha ulinganisho. Katika Python namba hiyo ina kazi nyingine tena: inaizuia programu isijaribu kulinganisha rekodi zenyewe za wagonjwa, jambo ambalo kwa kawaida lingeisimamisha kwa kosa.

Wa tatu ni wa hesabu. Njia ya mkato inayopendwa ni kutoa namba moja kutoka nyingine: jibu likiwa hasi, wa kwanza anatangulia. Inafanya kazi vizuri hadi siku namba zinapokuwa kubwa. Namba nzima ya kawaida katika Java haiwezi kuzidi 2,147,483,647. Ukitoa hasi 2,000,000,000 kutoka 2,000,000,000 jibu sahihi ni 4,000,000,000, lakini mashine haina pa kuliweka, hivyo inarudisha hasi 294,967,296. Kubwa imegeuka ndogo, na foleni imepinduka. Lugha yenyewe ina njia rasmi ya kulinganisha namba ambayo haina udhaifu huo.

Kuna pia kanuni zinazojipinga. Asha akimtangulia Baraka, na Baraka akamtangulia Chiku, basi Asha lazima amtangulie Chiku. Hilo linaonekana dogo, lakini kilinganishi chenye masharti mengi, kwa mfano umri kwa wengine na rangi kwa wengine, huweza kuzalisha mduara ambao hauna wa kwanza. Lundo haliwezi kuutambua mduara huo. Litaendelea kutoa watu kwa mpangilio usiotabirika. Ndiyo maana wenye uzoefu hupenda kupanga vigezo kwa ngazi: cha kwanza kiamue, kikishindwa kije cha pili, kisha cha tatu.

Mtego unaouma zaidi huja baada ya mgonjwa kuwa ndani ya foleni. Aliyepewa kijani anaanza kutokwa na jasho na kupumua kwa shida, muuguzi anabadilisha rangi yake kuwa nyekundu kwenye kompyuta. Rekodi imebadilika, lakini nafasi yake ndani ya lundo iko palepale, maana lundo hulinganisha watu wanapoingia na wanapotoka, halizunguki kuwakagua waliokaa. Mgonjwa mwenye rangi nyekundu ataendelea kukaa chini ya wenye njano. Namna sahihi ni kumtoa na kumwingiza upya. Namna nyingine, inayotumika sana kwa wepesi wake, ni kumwingiza kwa rangi mpya na kuitia alama rekodi ya zamani kwamba imekufa, ili ikifika kileleni itupwe bila kuitwa.

Wa kijani ataitwa lini?

Hata kilinganishi kisicho na kosa la kiufundi kinaweza kuwa na dhuluma. Rangi ikipewa kauli ya mwisho, na wenye njano wakaendelea kumiminika, wa kijani hataitwa kamwe. Miongoni mwa wataalamu wa mifumo endeshi kuna hadithi inayosimuliwa kama uvumi, kwamba kompyuta ya IBM 7094 ya chuo cha MIT ilipozimwa mwaka 1973 ilikutwa na kazi ya kipaumbele cha chini iliyowasilishwa mwaka 1967 na ambayo haikuwahi kuendeshwa.

Wengi hujaribu kulitatua hilo kwa kumpandisha mtu daraja kadiri anavyosubiri. Lakini kilinganishi kinachotazama saa wakati wa kulinganisha kinaweza kutoa jibu moja sasa na jingine baada ya dakika tano, na lundo lililojengwa kwa jibu la kwanza likabomoka. Ipo njia safi zaidi: mtu anapoingia, aandikiwe saa ya mwisho anayopaswa kuwa ameonwa. Saa hiyo haibadiliki. Wa kijani aliyefika saa 2:00 asubuhi ukomo wake ni saa 6:00 mchana. Wa njano aliyefika saa 5:30 asubuhi ukomo wake ni saa 6:30 mchana. Wa kijani anatangulia, na hakuna aliyelazimika kumpandisha daraja.

Wazo la kupanga kazi kwa ukomo wake lina msingi imara. Mwaka 1973 C. L. Liu na James Layland walithibitisha kihesabu kwamba kwenye kichakataji kimoja, kazi zinazojirudia zikipangwa kwa ukomo ulio karibu zaidi, zote zinaweza kumalizika kwa wakati hata kichakataji kikitumika kwa asilimia 100.

Hospitalini, hata hivyo, kanuni hiyo ikiachwa peke yake inaweza kuua. Tuseme kazi imechelewa na yule wa kijani wa saa 6:00 bado hajaonwa. Saa 6:05 mchana analetwa mtu asiyepumua vizuri, nyekundu, anayetakiwa kuonwa papo hapo. Ukomo wake ni saa 6:05. Kwa hesabu tupu, saa 6:00 inatangulia 6:05, na mwenye kidonda kidogo anaingia kwanza. Foleni ikishazidiwa, ukomo peke yake hautofautishi kuchelewa kwa mmoja na kifo cha mwingine.

Kwa hiyo kilinganishi cha programu kama hiyo kingekuwa na ngazi tatu. Nyekundu kwanza, chungwa pili, na njano na kijani wahesabiwe kundi moja la tatu. Walio kundi moja wapangwe kwa ukomo. Ukomo ukilingana, namba ya kufika iamue. Ni mistari mitatu ya msimbo, na kila mmoja ni uamuzi ambao daktari, si mwandishi wa programu, ndiye anayepaswa kuutia saini.

Foleni sahihi, mlango umefungwa

Yapo pia matatizo ambayo kilinganishi hakiyafikii. Tarehe 4 Julai 1997 chombo cha Marekani cha Mars Pathfinder kilitua kwenye sayari ya Mirihi kikiwa na kigari kidogo, Sojourner. Siku chache baadaye kompyuta yake ilianza kujizima na kujiwasha upya, ikikatiza kazi iliyokuwa ikiendelea.

Ndani ya kompyuta hiyo kazi zilikuwa zimepangwa kwa kipaumbele. Kazi ya kusimamia njia kuu ya data ilikuwa juu, mawasiliano katikati, na ukusanyaji wa taarifa za hali ya hewa chini. Kazi ya juu na ile ya chini zilitumia kufuli moja kulinda data ambayo zote mbili ziliitumia. Mara chache ilitokea ile ya hali ya hewa ikashika kufuli, kisha kabla haijamaliza ikasukumwa kando na mawasiliano, kwa kuwa yalikuwa na haki ya kuitangulia. Kazi ya juu ikabaki ikisubiri kufuli lililoshikwa na ya chini, nayo ya chini ikisubiri ya katikati. Programu ya kulinda mfumo ilipoona kazi muhimu haijakamilika kwa wakati, iliiwasha kompyuta upya.

Wahandisi waliizalisha hitilafu hiyo kwenye nakala ya chombo iliyokuwa duniani. Suluhisho lilikuwa tayari limo ndani ya mfumo endeshi wake, VxWorks, ila halikuwa limewashwa: kazi ya chini inayoshika kufuli linalosubiriwa na mkubwa hukopeshwa kipaumbele cha mkubwa huyo hadi ilifungue. Waliliwasha kutoka duniani, na kompyuta ikatulia.

Hata kanuni yenyewe ya kuchagua haijatulia hadi leo. Simu nyingi zilizoko mikononi mwa wasomaji, zile za Android, zina kiini cha Linux, nacho kimebadilisha mawazo kuhusu nani atangulie. Mwaka 2007 Ingo Molnár aliingiza utaratibu uliomchagua yule ambaye ametumia kichakataji kwa muda mdogo kuliko wenzake, huku wanaosubiri wakihifadhiwa kwenye mti badala ya lundo. Mwaka 2023, katika toleo la 6.6, Peter Zijlstra aliuondoa na kuweka kanuni iliyotokana na wazo la mwaka 1995: kati ya wale ambao hawajazidisha mgao wao, aitwe mwenye ukomo wa karibu zaidi. Mti haukutupwa, kilichoandikwa upya ni jinsi ya kumchagua anayefuata. Kwa kanuni hiyo, programu ya muziki inayoomba vipande vifupi vya muda huandikiwa ukomo wa karibu na kuitwa mapema, bila kuongezewa hata sekunde moja kwenye jumla ya muda wake.